Kilio Bila Maiti

"Rudia, Mama."

"Nirudie nini tena? Wimbo si umeisha?"

"Ubeti wa pili. Ulikohoa."

"Kwani Mungu hajui kwamba nakohoa? Acha kikohozi hapo hapo, amsikie mja wake."

Cephas Omanga alicheka, lakini kidole hakikutoka kwenye kibodi. Mama yake, Priscilla, alikuwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya maiki, na kwa jinsi miguu ya kiti ilivyokwaruza saruji, Cephas alijua mama ameshaanza kugeukia mlangoni. Wee, kumrekodi mtu mzima asiyetaka kurekodiwa ni kazi ya kutoa jasho. Afadhali kwaya nzima ya vijana wanaosukumana.

"Mara moja tu, Mama. Tafadhali."

Akaimba. Ulikuwa wimbo wa kanisani, ule wanaouimba kina mama wote wa Kosele siku ya Jumapili, na aliuimba kama wanavyouimba kina mama wote wa Kosele: taratibu, kwa adabu, bila kumsumbua mtu. Cephas aliusikiliza kwenye hedifoni mpaka mwisho. Hakukuwa na kikohozi. Hakukuwa na kosa. Na mama yake hakuwemo. Mwanamke aliyekuwa akiimba mle angeweza kuwa mke wa mtu yeyote, mama wa mtu yeyote.

"Sasa imetosha?"

"Imetosha, Mama. Asante."

Alidanganya, na alijua mama amejua kwamba anadanganya. Akagonga ukuta wa mbao, na upande wa pili cherehani ikaanza tena kutatarika.

Mwenye cherehani alikuwa Hemed, muuza vitambaa, mtu wa Pwani aliyekuja Migori kumtembelea binamu yake akazeekea huko huko. Studio ya Cephas na duka la Hemed vilitenganishwa na mbao tu. Cephas akitaka kimya hugonga, Hemed husimamisha mashine hata kama yuko katikati ya pindo la gauni la bibi harusi. Akigonga tena, pindo linaendelea. Kuta nyingine tatu Cephas alikuwa amezivisha trei za mayai na vipande vya magodoro makuukuu, na saa ya ukutani aliing'oa siku ya kwanza kwa sababu ya mlio wake. Hapo ndipo alipokuwa akijipatia mkate wake.

Kipofu na studio! Watu walicheka mno alipoanza. "Hiyo mashine ina taa za kila rangi," walimwambia, "wewe utajuaje taa nyekundu ikiwaka?" Naye akawajibu kwamba nyekundu inasikika. Mkewe, Nyangi, alimdondoshea rangi ya kucha kwenye vifungo vya miksa, tone hapa tone pale, vikauka vikawa vipele ambavyo vidole vyake vilivisoma vizuri kabisa. Kompyuta nayo ilimsomea yaliyoandikwa kwenye skrini, kwa sauti ya mwanamume wa Ulaya ambaye hakuwahi kulimudu jina la Kijaluo wala la Kikuria. Wateja walivunjika mbavu kusikia majina yao yakitafunwa namna ile, na wengine walikuja kwa sababu hiyo tu.

Kabla ya mashine alikuwa mpiga gitaa. Ujana wake aliumalizia Sori, pale ufuoni, akiwapigia muziki wa benga wavuvi waliotoka ziwani na kina mama waliokuja kununua dagaa wa omena. Bendi ilikuwa ikilewa yote, mpiga ngoma akiwa wa kwanza, na Cephas anabaki peke yake akisikia kwamba spika ya kulia inakoroma na hakuna anayejali. Akaanza kuigusa yeye. Akaanza kuuliza waya huu unakwenda wapi. Gitaa likabaki la raha yake, mitambo ikawa kazi, na sasa ilikuwa vigumu kupata kwaya, kutoka mpakani mpaka Homa Bay, ambayo haijawahi kupita mbele ya kile kiti cha plastiki ikaambiwa irudie.

Lakini sauti moja aliyoitaka kuliko zote, hiyo hakuwa nayo.

Priscilla alikuwa mliaji. Sisemi machozi, hayo kila mtu anayo. Huko Kosele walimwita Nyar Mfangano, binti wa Mfangano, kwa kuwa alizaliwa kwenye kisiwa hicho cha ziwani, na matangani jina hilo likitajwa watu walikuwa wakisogea wampishe. Angeingia bomani kwa mwendo wa haraka, leso imefungwa kiunoni, akimwita marehemu kwa majina ya babu zake, akimsifu, akimgombeza, akimuuliza jembe alilolisimamisha shambani amelisimamishia nani. Kilio cha namna hiyo Wajaluo wanakiita dengo. Hakifanyiwi mazoezi wala hakirudiwi. Kila maiti na chake. Wanaume waliokula kiapo kwamba hawatalia walionekana wakizunguka nyuma ya ghala kwenda kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Cephas alikulia ndani ya sauti hiyo. Mwulize mtu mwingine yeyote mama yake yukoje, atakuambia ni mweusi, ni mwembamba, ana mwanya. Yeye alikuwa na sauti, basi. Kulikuwa na ya kuita ng'ombe, na ya kugombeza, na ya kuomba kabla ya chakula, lakini zote hizo zilikuwa vipande. Mama yake mzima alikuwa kwenye dengo.

Na sasa koo la mama lilikuwa na uvimbe. Daktari wa pale mjini alieleza bila kuzunguka: uvimbe lazima utolewe, na umejishikiza kwenye mishipa ya sauti. "Mama atapona, Mungu akipenda," alisema. "Sauti siwezi kukuahidi." Ndiyo maana Priscilla aliletwa kutoka Kosele mpaka Migori kwa mwanawe. Kesho yake mchana alitakiwa aingie wodini.

Usidhani Cephas hakuwahi kumfuata matangani na mitambo yake. Alimfuata sana. Tatizo ni kwamba matanga ya siku hizi yana jenereta, yana spika za kukodi, yana mshereheshaji, na ratiba iliyopigwa chapa inayosema saa ngapi mbunge atazungumza. Mara nyingi mwenye kuleta spika hizo alikuwa Cephas mwenyewe. Akishazifunga na kuzijaribu, mwinjilisti anashika maiki na kutangaza kwamba mkristo halii kama wasio na tumaini, mama yake anaingia kutoka upande wa ng'ombe na kilio chake, na sauti ya watu wawili inakuwa supu moja. Alikuwa na saa nyingi za supu hiyo kwenye kompyuta. Alijaribu kumchuja mama humo kwa kila ufundi anaoujua, na kilichobaki kilikuwa uzi mwembamba uliokatikakatika. Lilimuuma jambo hilo, kwamba kazi iliyomlisha ndiyo iliyomfunika mama yake.

Jioni ile walikula ugali na samaki nyumbani kwa Cephas. Priscilla alikunywa uji, kwa sababu ugali ulikuwa unamkwama. Nyangi alikuwa na mimba kubwa, amekaa kwa kujisaidia na ukuta, na kila mara alimsogezea mama mkwe sukari.

"Mama," Cephas alisema, "nyimbo za kanisa tumeshamaliza. Nilikuwa nataka dengo."

Kijiko kikasimama.

"Nimlilie nani?"

"Hakuna mtu. Ni ya kurekodi tu."

"Ya kurekodi tu." Mama aliyarudia maneno hayo polepole. "Maiti iko wapi, Cephas?"

"Mama, hakuna maiti."

"Basi unaniomba nini? Dengo si gitaa, ati mtu anajaribu kamba kama iko sawa. Ukimlilia asiyekuwepo, unamwita awepo. Kilio kikitoka lazima kipate mahali pa kukaa. Na wewe unataka nikitoe kwako, nyumba yenye mwanamke mwenye mimba!"

"Mama, mimi siogopi," Nyangi alisema.

"Wewe nyamaza, nyar Kuria. Kwa kuwa huogopi, inabidi niogope mara mbili, yangu na yako."

Nyangi akacheka kidogo, akaacha. Cephas hakucheka. Alikuwa amejiahidi kwamba hatapandisha sauti, na sasa aliisikia ikipanda.

"Nyangi ana picha zako kwenye simu. Hata Hemed anazo, alikupiga picha na lile gauni alilokushonea. Siku wakikukumbuka watatazama. Mimi nitashika nini, Mama? Nikiishika hiyo simu nashika kioo. Wanaenda kukukata koo kesho kutwa, na wewe unanipa wimbo ambao kila mtu kanisani anao! Mimi nitabaki bila mama na mama mwenyewe yuko hai amekaa hapa."

Maneno hayo yalipotoka yalimwogopesha yeye mwenyewe. Nje, majirani walikuwa wakiita watoto waoge. Halafu mama akainuka, akaliweka kopo la uji chini kwa uangalifu, akaenda chumbani alikotandikiwa, na Cephas akasikia kitanda kikipokea uzito wake.

"Umekosea," Nyangi alisema.

"Najua."

"Si kwa kutaka. Kwa kupiga kelele."

"Najua, mama watoto."

Asubuhi hakungoja chai. Alichukua fimbo yake akashuka mjini peke yake, kwa njia ile aliyoizoea, akawasalimu wa kusalimiwa, akafungua studio, na humo ndani hakuwa na kazi ya kufanya. Wateja wote alikuwa amewaahirisha. Alikaa mbele ya kompyuta, akazisikiliza nyimbo za jana, akazizima. Upande wa pili Hemed alikuwa ameshaanza: cherehani inakimbia, inapumzika, inakimbia. Mpango ulikuwa Nyangi amlete mama saa sita, waende wote hospitalini.

Kwa hiyo aliposikia malapa ya mama yake mlangoni mapema vile, peke yake, alisimama ghafla akagonga goti kwenye meza.

"Nyangi yuko wapi? Kuna nini?"

"Nimemtuma soko. Beseni na sabuni ya wodi. Nimemwambia asiharakishe." Sauti ilikuwa na mikwaruzo kuliko jana. Mama akaufunga mlango nyuma yake, akausukuma kuhakikisha. "Hapa pana mtu analala?"

"Hapa? Hapana. Ni chumba cha kukodi tu."

"Si boma la mtu."

"Si boma la mtu, Mama."

"Vizuri." Akavuta kile kiti cha plastiki, akakaa karibu mpaka magoti yao yakagusana. "Jana uliniomba, nami nikakuuliza maiti iko wapi. Sikulala. Nimekumbuka kwamba iko maiti moja sikuililia."

Cephas alifikiria haraka. Baba yake alililiwa mpaka wageni wakaomba maji. Bibi yake alililiwa. Hakukuwa na mtoto mwingine.

"Macho yako," mama alisema.

Alimeza mate, na kumeza huko kulimuuma, Cephas alisikia.

"Ulipougua surua ile, ulikuwa umeanza shule juzi tu. Homa ikashuka, tukashukuru Mungu. Asubuhi moja ukaniuliza kwa nini sijafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi, Cephas. Jua lilikuwa limekumulika hapa usoni. Nilitoka nje nikafungua mdomo, na mama yake baba yako akaniziba kwa kiganja chake. Akaniambia, mtoto yu hai. Ukimlilia mtoto aliye hai, unamwita mwenye kuchukua aje amalizie. Basi nikameza. Nikarudi ndani nikakuambia dirisha limekwama."

"Nakumbuka," Cephas alisema. "Ulisema baba atakuja kulitengeneza."

"Sasa kitu cha namna hiyo mtu hamezi kikaisha. Mwezi uleule alikufa mzee mmoja jirani, mtu simjui sana, na nilipofika pale kikatoka. Watu wakashangaa. Wakasema, kumbe huyu mtu wa kisiwani anajua kulia hivi! Wakawa wananiita. Huku matanga, kule matanga, nami naenda. Walidhani nawalilia watu wao. Nilikuwa naazima maiti ya wenyewe, mwanangu, nalia yangu juu yake. Miaka yote hiyo. Yenyewe sijawahi kuililia kwa jina lake."

Cephas alitafuta mkono wa mama akaupata, akaushika, na ulikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia.

"Basi washa mashine yako," mama alisema, "kabla Nyangi hajarudi na kabla mimi sijaogopa."

Akarudi kazini, maana kazi ndiyo iliyobaki ya kushika. Akapandisha maiki kwa urefu wa mtu aliyekaa.

"Sikai," mama alisema. "Dengo haitolewi kwa kukaa."

"Sawa. Simama hapa, usisogee."

"Nisisogee? Nalia au nakaguliwa? Mtu anamzunguka marehemu wake."

Hapo fundi akakwama. Maiki ilikuwa moja, na haikuwa na miguu ya kumfuata. Alisimama katikati ya chumba akipima kwa mikono: meza, kiti, ukuta. Halafu akaivuta maiki mpaka katikati kabisa, akaifungua isikie kutoka pande zote, akasukuma meza pembeni, akaleta kiti cha plastiki pale pale chini ya maiki na kukaa yeye. Kibodi mapajani, hedifoni masikioni. Mama akabakiwa na njia ya kumzunguka.

"Hivyo?" akauliza.

"Hivyo," mama alisema. "Hapo ulipo ndipo panapolazwa maiti."

Kiwango cha sauti alikiacha kwenye tone lile lile la jana, la mama wa kanisani mwenye koo bovu. Fundi yeyote angemwambia apime kwanza. Yeye mwenyewe angemwambia mtu hivyo. Akabonyeza, mwanamume wa Ulaya akasema kwamba kurekodi kumeanza, na ndipo alipokumbuka kwamba cherehani ya Hemed bado inakimbia. Akanyoosha mkono kuelekea ukutani ili agonge.

Hakufika. Mama alipiga ukemi.

Ulitoka chini, mahali ambapo uvimbe usingeweza kufika, ukapita kooni kwa nguvu na kulipiga dari la mabati. Kwenye hedifoni ulipasuka wote vipande vipande. Cephas alirukia kifungo akashusha, akashusha tena, mpaka mpasuko ukaisha na mama akabaki. Mama mzima. Upande wa pili wa mbao cherehani ilikuwa imenyamaza yenyewe.

"Uwi, macho ya mwanangu!" mama alilia kwa Kijaluo, na malapa yakaanza kuzunguka. "Mapacha niliowazaa siku moja, mkafa wiki moja! Mliondoka usiku kama wadeni. Hamkusema, Mama, tunakwenda. Hamkusema, Mama, mtunze huyu tunayemwacha!"

Akapita nyuma yake. Hewa ya gauni ilimgusa shingoni.

"Nyinyi wambea! Mlimwona kuku wa jirani kwenye mtama mkaja kumsema. Mliniona nikificha sukari mkajua ilipo. Nilipowapeleka Mfangano kwa mama yangu, mlikataa kufumba kwenye mashua, mkalitazama ziwa mpaka mkawa wekundu, mkaniuliza ng'ambo yake iko wapi. Sasa ng'ambo mmeiona? Iko wapi? Rudini mniambie!"

Cephas aliliona ziwa. Hakuwa ameliona tangu utoto, alidhani limeshafutika. Lilikuja jinsi lilivyokuwa, jeupe la kuumiza, na mkono wa mama umeshika ubao wa mashua, mkono wa msichana, wenye bangili ya shaba.

"Niliwaitia daktari, mkakataa. Niliwaitia mchungaji, mkakataa. Nimekaa mlangoni nikimtazama mtoto wangu akijifunza kuta kwa paji la uso, gu, gu, nami sina ruhusa ya kulia. Nimewapeleka kwenye makaburi ya watu. Nimewazika kwa mzee Omolo, nimewazika kwa mwalimu, nimewazika kwa watoto wa wengine, na hamjafunikwa! Leo nawazika kwenu. Leo nawaita kwa jina lenu. Macho ya Cephas! Macho ya Omanga, mjukuu wa wavuvi! Uwi!"

Alivua hedifoni. Sijui kama ni jambo la kufanya kwa fundi, kuiacha mashine iende peke yake kazini, lakini alizivua na kuziacha zining'inie shingoni, kwa sababu ndani yake mama alikuwa mahali pamoja tu, na nje yake alikuwa akitembea. Alimsikia kushoto, nyuma, kulia, mbele. Alisikia pumzi ikikatika na kuvutwa upya. Kwa wanaojua dengo, mliaji akifika mwisho humgeukia aliyeachwa, naye aliyeachwa hujibu. Hata kama ni jiwe, hujibu.

Malapa yakasimama mbele yake.

"Na wewe waliyekuacha," mama alisema, sauti sasa ni majani makavu tu, "umekaa kimya tangu utoto. Uliniambia, Mama, usijali, nitashika ukuta. Mtoto wa darasa la kwanza! Huna neno la kuwaambia wenzako?"

Cephas alifungua mdomo ili aseme kwamba hana. Yeye ndiye aliyewafundisha watu kunyamaza maiki ikiwa wazi. Aliwahi kumtoa mtu nje kwa kupiga chafya. Kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa sauti ambayo hakuijua, mbaya, ya mtoto aliyechelewa sana, na ilipoanza haikukubali kushushwa na kifungo chochote. Alilia akiwa amekaa pale palipolazwa, mikono juu ya kibodi, na mama akamshika kichwa akakiegemeza tumboni mwake na kumwacha alie.

Mlango uligongwa kwa kiganja.

"Cephas! Cephas, bwana!" Ilikuwa Hemed, anahema. "Innalillahi... Fungua, ndugu yangu. Nani? Ni nani?"

Mama ndiye aliyefungua. Nyuma ya Hemed palikuwa na watu: Dorine wa chapati, ambaye Cephas alimjua kwa harufu ya unga na mafuta, na fundi viatu wa kona, na wengine ambao hatua zao alizifahamu lakini majina yalimkimbia kwa wakati huo. Mtaa mzima ulikuwa umesikia. Ukisikia kilio kile huku kwetu huulizi kama kuna msiba. Unaacha unachofanya, unakwenda.

"Mama, pole," Hemed alisema. "Nimefunga duka. Nani ametutoka?"

Cephas alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alitaka kueleza. Ilikuwa aibu, watu wazima kuacha biashara zao asubuhi kwa ajili ya rekodi, alikuwa ameshaanza kusema, "Hemed, samahani, hakuna..."

"Amefiwa," mama alisema. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona, na watu wakasogea ili waisikie. "Ni zamani kidogo. Hakupewa pole wakati ule. Mpeni."

Hemed hakuuliza tena. Mtu wa Pwani, amezika kwake na amezika huku, alijua kwamba maswali ni ya baadaye. Aliingia, akaivua kofia yake, Cephas akasikia kitambaa kikikunjwa, na mkono mkavu wenye alama za sindano ukaushika wake.

"Pole sana, ndugu yangu."

Pole alizijua Cephas. Alipewa kila siku barabarani, na watu wasiomjua, zikitupwa kutoka juu, na amezipokea maisha yake yote huku akitabasamu ili watoe njia. Hii haikutoka juu. Hii ilikuwa ya mtu na mtu, ya aliyepoteza kitu na mwenzake anayejua kupoteza, na alipoipokea alihisi kifua kikilegea mahali ambapo hakujua kwamba amekibana.

"Asante," alisema. "Nimepoa."

Akaja Dorine, viganja vyake vina moto wa karai. "Pole, Cephas. Mungu akutie nguvu." Akaja fundi viatu, ana harufu ya gundi, akambana mkono mpaka mifupa ikalia. Mtu mmoja alileta benchi. Mwingine alisema chai iletwe, na Priscilla, aliyekuwa amekaa sasa na leso imefunguliwa kiunoni, akanong'ona kwamba yake iwe na sukari nyingi, maana mchana huu anaenda kulazwa na huko hawajui chai. Watu wakacheka kwa sauti ya chini, kama wanavyocheka matangani.

Kwenye hedifoni zilizoning'inia shingoni mwa Cephas mambo hayo yote yalikuwa yakisikika kwa mbali, madogo madogo, benchi na chai na kicheko. Mashine ilikuwa bado inarekodi. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kuizima, kikatulia hapo bila kubonyeza, halafu kikaondoka. Akanyoosha mkono tena, maana mlangoni bado palisikika viatu vikingoja zamu.